Tumbo Dogo Katika Nyumba ya Sinia Kubwa

Kwetu Tanga mgeni haulizwi kama ana njaa. Huletewa maji ya kunawa, kikafuata chakula, na akikataa, mwenye nyumba hakai kwa raha mpaka mgeni aondoke. Nimelelewa hivyo, nami nimewalea wanangu hivyo hivyo. Ndiyo maana daktari wa upasuaji alipochora tumbo kwenye karatasi, akapitisha kalamu kunionyesha sehemu atakayoikata na kuitoa, nilimfikiria mama yangu na sinia lake la Ijumaa kabla sijakifikiria kisu.

Tangu nifanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo, Januari 2024, nimeulizwa sana. Wengi hutaka kujua maumivu yalikuwaje na kilo zimeshuka ngapi. Nitayaeleza yote mawili. Ila kilichonisukuma kuandika ni hiki: upasuaji huu hufanyiwa mtu mmoja, lakini kupona kwake ni kazi ya nyumba nzima, na nyumba isipoandaliwa, mgonjwa hutaabika mikononi mwa watu wanaompenda.

Mimi ni fundi cherehani, mitaa ya Ngamiani. Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa asubuhi, nainuka kwa swala na chakula, narudi kukaa, na msimu wa harusi ukifika nakaa mpaka usiku wa manane nikimalizia sare za watu. Miili ya wanawake naijua kwa futi: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Wateja wangu walipenda kuniona mnene. Fundi aliyenawiri, walisema, ni fundi anayelishwa vizuri na kazi yake, na mume wangu alisifiwa barazani kwamba anajua kutunza. Hakuna aliyeyasema kwa ubaya, nami kwa miaka mingi niliyapokea kwa furaha.

Mwili ulikuwa na maneno yake. Kisukari aina ya pili kilinianza kabla sijafika miaka arobaini, presha ikafuata, magoti yakawa hayanipandishi ngazi. Usiku mume wangu alikuwa akiniamsha kwa hofu, maana nilikoroma, kisha pumzi ikakatika, kisha nikashtuka kama mtu anayezama. Kliniki ya hospitali ya Bombo manesi walinijua kwa sauti. Dozi ya metformini, kidonge cha kisukari, ilipanda mpaka ikafika mwisho wake, wakaanza kuzungumzia insulini. Nilikuwa na kilo 128 kwa urefu wa mita 1.60, ambayo ni BMI, yaani kipimo cha uzito kwa urefu wa mtu, ya 50. Shirika la Afya Duniani huanza kuhesabu unene wa kupindukia kwenye 30.

Kupunguza nilikuwa nimejaribu. Nimekunywa maji ya ndimu alfajiri, nimeacha wali, nimetembea mpaka Raskazone na kurudi. Kilo zilishuka, zikarudi na nyingine juu yake. Nilibeba aibu hiyo miaka mingi, na aliyenitua ni daktari aliyenieleza kwamba mwili uliokwisha kunenepa huulinda uzito wake. Ukipunguza chakula, homoni za njaa hupanda, na mwili wenyewe hubana matumizi ya nguvu. Mtu hupambana na njaa ambayo mwembamba hajawahi kuionja, halafu huambiwa ni mvivu. Natamani kila anayemcheka mtu bonge barabarani aelezwe jambo hilo.

Wakati huo habari za Mloganzila, ile hospitali ya Muhimbili iliyo nje kidogo ya Dar es Salaam, zilikuwa zimeanza kusikika kwenye televisheni: kuna watu wanawekewa puto tumboni, kuna wanaopunguzwa tumbo. Mtaani kwetu mambo hayo mawili huchanganywa, kwa hiyo niyatenganishe. Puto huingizwa kwa mdomo, bila kupasua, hujazwa maji likakaa tumboni miezi kadhaa, kisha hutolewa. Upasuaji niliofanyiwa mimi ni wa kukata tumbo kwa urefu na kutoa karibu sehemu nne katika tano, kinachobaki kikawa chembamba na kirefu kama ndizi. Haurudishwi. Upo pia ule wa kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo kwa mbele, chakula kikaruka njia. Kwa BMI yangu niliambiwa puto lingenipunguza kidogo tu, na likitolewa ningebaki na mlima uleule.

Kilichonishangaza ni kwamba sehemu inayokatwa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa ghrelini. Nilidhani natengenezewa tumbo dogo tu. Kumbe hata sauti ya njaa inapunguzwa, walau kwa miezi ya mwanzo. Daktari alinieleza vilevile kwamba tangu 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vimeshusha masharti. Yale ya 1991 yalitaka BMI ya 40, au 35 ukiwa na maradhi mengine. Sasa 35 peke yake inatosha, na mwenye kisukari anaweza kufikiriwa hata akiwa na 30. Kwa hiyo sikuwa naomba fadhila. Nilikuwa mgonjwa mwenye tiba inayojulikana.

Nyumbani hawakuliona hivyo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akashika kanga yake, akasema, "Mwanangu, tumbo alilokupa Mungu ndilo ukalikate? Mbona tunakula sote na hatufi?" Baba mdogo aliuliza kama dini inaruhusu, akaenda mwenyewe kumuuliza imamu, akarudi na jibu kwamba mgonjwa kutafuta tiba hakuna katazo. Mume wangu alikaa kimya siku kadhaa, kisha akauza kiwanja chetu cha Pongwe. Wanawake wenzangu wa kikoba wakaongezea. Sitaitaja jumla ya fedha kwa sababu bei hutofautiana hospitali na hospitali, ila mtu asianze safari hii akiwa amehesabu siku ya kisu peke yake. Kuna vipimo kabla, na kuna vitamini na vipimo vya damu maisha yote.

Vipimo vilikuwa vingi: moyo, mapafu, ini, damu, kamera ya kupitishwa mdomoni kuangalia kama tumbo lina vidonda au bakteria, mazungumzo na mwanasaikolojia, mazungumzo na mtaalamu wa lishe. Kamera hiyo ina maana kubwa kwa aina yangu ya upasuaji, kwa kuwa mwenye kiungulia kikali anaweza kuzidishiwa, na yeye huelekezwa kwenye ule mwingine wa kuruka njia. Wiki mbili za mwisho nilikula samaki, mboga za majani na mtindi, bila ugali, wali wala sukari. Sababu yake ni ini. Ini la mtu mnene hujaa mafuta likawa zito, na limelala juu ya tumbo. Lisiposinyaa, daktari hapati nafasi ya kupita.

Upasuaji wenyewe nitaupita haraka, maana nililala. Nilichomwa nusu kaputi, nikaamka na matundu madogo matano yaliyofungwa plasta. Kilichouma zaidi kilikuwa bega, jambo ambalo hakuna jirani aliyeniamini. Hujaza gesi tumboni ili wapate kuona, na mabaki ya gesi hiyo husumbua kiwambo kilicho chini ya mapafu, maumivu yakasikika begani. Dawa yake ni kutembea. Jioni ileile nesi alinisimamisha. "Mama, damu iliyolala ndiyo inayoganda," alisema, na tukaenda hatua kwa hatua mpaka mwisho wa wodi. Nilichomwa sindano za kuzuia damu kuganda, nikavishwa soksi za kubana, nikapewa kichupa cha kuvutia pumzi ili mapafu yafunguke. Nilifundishwa pia ishara za hatari, nami nazirudia hapa kwa kuwa huokoa maisha: moyo kwenda mbio bila sababu, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, pumzi kuwa fupi. Moyo kwenda mbio unaweza kuwa dalili ya kwanza kwamba pale tumbo lilipobanwa kwa pini panavuja. Hapo mtu hasubiri asubuhi.

Sikurudi Tanga moja kwa moja. Nilikaa kwa dada yangu Temeke mpaka daktari aliporidhika, kisha tukapanda basi. Ni kilomita kama 350, na mume wangu alikuwa amekwisha kuzungumza na dereva. Kila liliposimama, nilishuka na mto wangu kifuani nikatembea.

Kazi ikaanza nyumbani.

Chakula baada ya upasuaji huu hupanda kwa ngazi. Kwanza vimiminika vyepesi, maji na supu iliyochujwa. Kisha vizito, kama maziwa na uji mwembamba. Kisha vya kusagwa, kisha laini, na baada ya wiki sita hadi nane vya kawaida, kwa kiasi cha vijiko vichache. Hakuna kunywa pamoja na kula, husubiriwa nusu saa. Maji ni lita moja na nusu au zaidi kwa siku, kwa funda ndogo ndogo, maana funda kubwa hugonga ukuta na kurudi. Protini ni gramu 60 kwa uchache, la sivyo mwili hula misuli yake.

Mama alikuja kuniuguza na kuku wake wa kienyeji ndani ya tenga. Alipika supu nzito ya kuku, ile anayopikiwa mzazi, akanikalia mbele na bakuli. Nilikunywa vijiko vinne. Akaniambia, "Malizia, mwanangu, umekaukiwa." Nilichukua cha tano na cha sita kwa heshima yake, vikarudi vyote na povu jeupe. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu alikwenda uani, nikamsikia akimwambia mama mkwe wangu kwamba wamemkatia mtoto wake riziki.

Niliwaza sana juu ya maneno hayo. Mama yangu hakuwahi kuniambia kwamba ananipenda, na sikuhitaji kuambiwa. Aliniwekea mnofu wa kuku upande wangu wa sinia. Aliamka saa kumi kukanda mahamri siku ya mtihani wangu. Nilipoachwa na mchumba wa kwanza, alinipikia samaki wa kupaka. Nilipokataa kijiko cha saba nilikuwa nalilinda tumbo langu, na yeye aliona mtoto anayemfungia mlango.

Aliyeutatua mkwamo huo ni mtaalamu wa lishe, kwa simu. Nilimpigia kujieleza, akasema, "Mpe mama simu." Hakumkanya. Alimwambia, "Shikamoo mama. Mgonjwa wako nakukabidhi wewe, maana jikoni ndiko anakoponea. Kazi yako ni gramu sitini kwa siku, na tumbo lake halizidi kikombe cha kahawa. Tufanyeje?" Wakaongea kwa muda mrefu. Yai moja lina gramu kama sita. Kikombe cha maziwa, nane. Kipande cha samaki cha gramu mia, ishirini hivi. Mama, aliyeishia darasa la nne, alimwita mjukuu wake aandike ukutani kwa mkaa.

Tangu siku hiyo hakunisukumia chakula tena. Alikuwa na shida ya kutatua, na mama yangu mbele ya shida ni mtu mwingine kabisa. Alikausha dagaa, akawatwanga, akawachekecha kwa chekeche la unga mpaka wakawa vumbi, akawa ananinyunyizia kwenye mchuzi. Alichemsha kunde, akazimenya ganda, akaziponda na tui jepesi. Changu alimchemsha na kitunguu na ndimu, akamchambua miiba kwa vidole. Karatasi ya hospitali ilikuwa na vyakula ambavyo dukani kwetu havipo, na mama alikitafsiri kila kimoja kwa soko la Ngamiani. Jioni alisoma ukutani: "Leo umefika hamsini na mbili. Kunywa maziwa kabla ya kulala."

Kama nina jambo moja la kumwambia anayejiandaa, ni hilo. Yule anayekupenda kwa chakula usimnyang'anye mwiko. Mpeleke kliniki akaelezwe na mtaalamu kabla ya siku ya kisu, apewe na yeye kazi yenye hesabu.

Sinia la Ijumaa lilichukua muda zaidi. Kwetu watu hula pamoja, na anayejitengea sahani huulizwa ana ugomvi na nani. Wali wa nazi na bada, ugali wetu wa muhogo, ndivyo vyakula vilivyonikwama zaidi. Bada inavutika, na mpaka leo naikwepa. Nikikaa kwenye sinia na kula kwa kasi ya wenzangu, naumia. Nikikaa bila kula, wanashindwa kumeza. Ijumaa moja mama akaweka kibakuli ndani ya sinia lenyewe, upande wangu, kina samaki na kisamvu, wali ukakizunguka. Hakusema kitu, wala hakuna aliyeuliza. Nilikula polepole kwenye kibakuli changu, ndani ya sinia la wote, na wanangu wakamalizia kilichobaki.

Ramadhani ya 2024 iliingia Machi, nikiwa na miezi miwili tu tangu kisu. Daktari alinikataza kufunga. Maji yanayonyweka kwa funda hayawezi kufidiwa kati ya magharibi na alfajiri na tumbo lililo katika hali ile, na ukikauka figo zinaumia. Dini iko wazi, aya za Sura ya Baqara zinampa mgonjwa ruhusa ya kuhesabu siku nyingine. Niliyajua hayo yote, na bado nilikuwa nikinywa maji chumba cha nyuma nikiwa nimefunga dirisha, machozi yakinitoka. Mtaa mzima umenyamaza, vijana wanafunga, na mimi mtu mzima nina chupa. Msichana ninayemfundisha ushonaji alikuwa akikaa mlangoni na kazi yake ili mteja asiingie ghafla. Hakuombwa na mtu.

Jioni niliketi nao kwenye futari. Mihogo ya nazi, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga. Uji huo nilikunywa vijiko kadhaa, vikatosha. Mwezi ule niligundua kwamba njaa yangu ya zamani haikuwa yote ya tumbo. Tumbo lilikuwa kimya, lakini mkono ulitaka kwenda kwenye sahani kwa sababu ya mazungumzo, kwa sababu ya harufu, kwa sababu ya mishono iliyonikataa mchana. Mwanasaikolojia alikuwa ameniambia hilo litakuja, na kwamba upasuaji hautaligusa. Nililifanyia kazi kwa kushika kitu mkononi. Nilipindia mapindo ya mashungi wakati wenzangu wakila, na mashungi ya mwezi ule niliyauza yote Idi.

Kufikia katikati ya mwaka kilo karibu thelathini zilikuwa zimetoka. Uso ulikuwa umepwaya, na nywele zikaanza kukatika kwa mafungu. Hilo hutokea kwa wengi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, mwili ukiwa umeshtuka, kisha nywele hurudi ikiwa protini na madini ya chuma yanatosha. Zangu zimerudi. Lakini wakati ule mtaa uliona fundi aliyekonda ghafla na nywele zinamtoka, na mtaa ukatoa hukumu yake: fundi kaungua, fundi ana ngoma. Wachache waliacha kuleta vitambaa. Mmoja aliniuliza kwa sauti mbele ya watu kama naumwa nini. Wengine walisema nimerogwa. Mwembamba aliyenenepa hupongezwa, mnene aliyepungua huombewa dua.

Kisha jioni moja, nikifunga mlango, aliingia mteja wangu wa siku nyingi. Aliketi, akanishika mkono, akaniambia kwa sauti ya chini nisiogope. Dawa zinatolewa bure, yeye mwenyewe anazitumia kwa miaka mingi na amesomesha watoto hadi chuo, na akanitajia siku ya kliniki na nesi anayetunza siri. Mwanamke yule alijifunua kwangu, siri ambayo hajawahi kumpa hata jirani wa mlango wa pili, kwa kudhani kwamba mimi niko peke yangu. Nilimwonyesha makovu ya matundu tumboni, nikamweleza. Tulilia pamoja. Aliniomba msamaha, nikamwambia hana la kuombea. Siri yake imekaa kwangu na itakaa.

Baada ya siku hiyo niliacha kujificha. Nilipompima mteja na akawa ananitazama, nilisema mwenyewe: nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo kwa ajili ya kisukari. Nilitaka wanaoishi na virusi vya UKIMWI waache kusemwa kupitia mwili wangu. Uvumi haukwisha siku moja, ila ulikosa chakula.

Matokeo, basi. Metformini ilipunguzwa mapema, na baadaye daktari aliisimamisha baada ya kipimo cha sukari ya miezi mitatu kurudi kawaida. Sikuisimamisha mwenyewe, na ningemsihi mtu asifanye hivyo, maana kisukari kinaweza kurudi. Presha bado nameza kidonge, kwa dozi ndogo. Kukoroma kumekwisha, mume wangu analala. Katikati ya 2025 nilikuwa na kilo 86. Kwa vitabu mimi bado ni mnene, BMI yangu ni 33 na kitu, na wapo waliosema basi ya nini yote yale. Napanda ngazi za kwa wifi yangu ghorofa ya tatu nikiwa na mfuko wa vitenge. Hiyo ndiyo ya nini.

Kuna yasiyopendeza pia. Ngozi imelegea mikononi na tumboni, na joto la Tanga huleta upele kwenye mikunjo. Nimejishonea mkanda wa pamba wa kuuvaa chini ya dera, na nimeshawashonea wengine. Magoti yakiuma siwezi kununua diklofenaki kama zamani, kwa sababu dawa za aina hiyo zinaweza kulitia tumbo hili vidonda, kwa hiyo namweleza muuza duka la dawa kila mara na natumia parasetamoli. Nilimeza dawa ya kuzuia mawe ya nyongo miezi sita, maana kupungua haraka huyaleta. Niliweka kijiti mapema. Mwili ukipungua uzazi huchangamka, na mimba haitakiwi kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu wa mwanzo. Vitamini B12, chuma, kalisi na vitamini D sitaviacha tena. Na uzito hugoma. Kuna majuma mzani haukusogea hata kidogo nami nikila vijiko vyangu vilevile, kisha ukashuka wenyewe. Futi yangu ya kazi ilinifariji zaidi ya mzani, kwa kuwa kiuno kilikuwa kikipungua hata kilo ziliposimama.

Ramadhani ya 2025 daktari aliniruhusu kufunga baada ya kupima damu na figo. Nilifungua kwa tende moja na maji kidogo, nikaswali, nikala kibakuli changu, halafu kuanzia tarawehe hadi daku nikawa natembea na chupa. Nilimaliza mwezi, na siku ninazodaiwa za mwaka uliotangulia nimezilipa taratibu, Jumatatu na Alhamisi, nyingi zikiwa msimu wa baridi.

Sasa wifi yangu mdogo naye ana BMI ya 44 na sukari iliyoanza kupanda. Ameniomba nimwamulie, nimekataa. Nimemwandikia maswali ya kumuuliza daktari: ni aina gani ya upasuaji inamfaa yeye na kwa sababu gani, daktari mwenyewe amewafanyia wangapi, mgonjwa akivuja usiku nani anampokea, nani atamfuatilia mwaka wa tatu na wa nne, vitamini atazipata wapi akiwa kwao Handeni. Swali la mwisho nimelipigia mstari, kama anaruhusiwa kwenda na mama mkwe wake kwenye miadi ya lishe. Huyo ni mama yangu, na amekwisha kukubali. Ameniuliza tu kama kule Handeni dagaa wakavu wanapatikana.